Machale Hayatoi Hujja

Naikumbuka finjani moja ya kahawa iliyopoa. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, hapa hapa Sib, Oman, kwenye majlisi ya marehemu baba yangu. Finjani ile ilikaa juu ya zulia mbele ya mgeni wetu, haiguswi wala haiondoshwi, na watu wazima na ndevu zao wanaitazama kama kwamba ndani yake mna nge. Kahawa yenyewe ilikuwa nzuri, niliipika mie. Na aliyeipoza ni mie vilevile.

Mwanangu, kabla sijakueleza ilipoa vipi, kwanza nijue. Mie ni mwanamke wa soko. Nimeuza vitambaa souq ya Sib tangu nywele zangu nyeusi, na wanaonijua wanajua kwamba sinunui hata ndimu bila ya kubishana. Kitambaa nikishakipima hukipima tena, mteja akasonya, nami nikaendelea. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku ya hesabu huko akhera nitawaomba malaika waanze upya. Nakwambia haya usije ukanidhania mtu wa ndoto na majini. Mie mtu wa pima. Lakini liko neno moja ambalo pima yangu haijawahi kulifikia mwisho, nalo ndilo nililokaa kukuandikia leo: machale.

Nilidhani neno hili tumelizika pamoja na bibi zetu. Sasa wajukuu zangu wamelifufua, na wamelifufua vibaya. Mmoja ananambia machale yanamcheza kwamba mtihani utakuwa mgumu. Kitabu hajakifungua. Hayo si machale, hiyo ni khabari ya kweli. Mwengine hakutaka kwenda kumtazama shangazi yake mgonjwa, eti machale. Huo ni uvivu uliovaa kanzu. Na upande wa pili wako wakubwa, tena waliosoma, ambao ukiwaambia machale yamekucheza wanakutaka hujja, kana kwamba tumbo lako ni mahkama na wao ndo makadhi.

Wengine husema neno lilitokana na zile chale walizokuwa wakichanjwa watu zamani, zikapakwa dawa, ili mwili umuonye mwenyewe shari kabla haijafika. Huenda. Mie chale sina, alhamdulillahi, na machale yananicheza vilevile.

Basi rudi nami nyuma kidogo.

Tulipotoka Unguja kuja huku hatukuwa na nyumba wala kazi. Tulikuwa na mabegi, na Bibi, na mbuzi ya Bibi ya kukunia nazi ambayo hakukubali kuiacha, na watu wa forodha wakaipindua pindua wakidhani ni silaha. Aliyetupokea ni Ami Hilal. Hakuwa ami wa damu. Mababu zake na mababu zetu walitoka kijiji kimoja cha bara ya Oman kabla hawajavuka kwenda Afrika, na kwake yeye hilo lilitosha. Tukakaa kwake watu wote sisi, wake na watoto wakabanana kutupisha, wala sikusikia mlango ukigongwa kwa ghadhabu. Yeye ndiye aliyemtafutia baba kazi, na yeye ndiye aliyetutafutia nyumba Sib. Fadhila ya namna ile huibebi mkononi, mwanangu. Unaibeba mgongoni.

Ami Hilal alikuwa na mtoto wa kiume, Suleiman. Alikuwa karudi masomoni, kaajiriwa wizarani, mtulivu, anaswali jamaa, kanzu yake ya dishdasha haijui mkunjo. Mie nilikuwa nimeshafika umri wa kuulizwa. Posa ilikuwa ikizungumzwa majikoni mwa nyumba mbili muda mrefu kabla haijafika majlisini, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba jibu ni moja.

Siku moja nyumba zote mbili tukaenda Qantab kutembea. Qantab ni kijiji cha wavuvi kwenye ghuba ndogo, milima imeizunguka kama mtu aliyekumbatia bakuli. Wanaume wakawasha makaa, wakachoma nguru. Suleiman akaniuliza, kwa adabu, mbele ya mama yake na mama yangu, kama napenda samaki. Sijafungua mdomo, sahani imeshanifikia. Samaki kashachambuliwa miiba yote, ndimu ishakamuliwa, na pilipili imewekwa kando kwa sababu, alisema, pilipili si nzuri kwa tumbo. Mama yake akasema mashaallah. Khalati Rayya, mdogo wake mama yangu, akanifinya paja kwa furaha.

Nikaitazama ile sahani, na ndani ya tumbo langu kikafunga kitu. Unajua maduka ya souq yanavyofungwa adhana ikilia? Taratibu, bila ya ugomvi, lile pazia la chuma linateremka mpaka linagusa chini. Ndo hivyo. Sikumchukia. Sikumuogopa. Samaki nilimla, na alikuwa mtamu.

Jioni nikamwendea Bibi. Alikuwa kakaa juu ya mbuzi yake anakuna nazi. Nikamwambia Suleiman simtaki. Halafu, kwa kuwa nilijua nitaulizwa kwa nini, nikaanza kumwaga sababu kabla sijaulizwa. Kicheko chake kinachelewa, wenzake wakishamaliza ndo anaanza. Mama yake ananitazama miguu. Viatu vyake vinalia. Bibi alikuna nazi mpaka akaimaliza, akakung'uta kifuu, ndipo akanitazama.

"Umemaliza? Sasa hayo yote yatupe. Kiatu kulia si dhambi. Hayo umeyaokota njiani ulipokuwa ukija kwangu. Nambie kile ulichokuwa nacho kabla hujaanza kuokota."

Nikamwambia nilikuwa na tumbo lililofunga kama duka.

"Basi sema hivyo. Machale ni bubu, mwanangu. Kazi yake kukushika mkono tu. Ukianza kumsemea, hapo tena anayesema ni wewe, si yeye."

Nilikasirika. Nilitaka anipongeze kwa sababu zangu, maana nilizikusanya kwa taabu. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kupongeza. Aliniambia wasiwasi una maneno mengi, asubuhi unakuja na hili na jioni na lile. Khofu ina sura, ukiiuliza unaogopa nini inakujibu. Chuki inatafuta mashahidi, haikai mpaka ikusanye watu. Machale hayana neno, hayana sura, hayatafuti mtu. Ila ukirudi pale pale, unayakuta pale pale. Kwa hivyo, akasema, rudi. Yapime tena. Kula ushibe, lala, uyapime ukiwa na furaha, uyapime umeshasali. Tumbo lenye njaa nalo hufunga, akasema, na si kila linalofunga limeona kitu.

Watu wanadhani kupima kwangu mara mbili ni ubakhili wa soko. Asili yake ni hapo, kwenye kifuu cha nazi.

Nikarudi, basi. Tulialikwa kwa Ami Hilal chakula cha mchana, nikaenda na moyo mweupe kabisa, nikijiambia labda ilikuwa jua la Qantab. Suleiman aliingia, akatoa salamu nzuri, akakaa mbali kama ipasavyo. Na lile pazia la chuma likateremka tena, taratibu vilevile, mpaka chini.

Nikasali istikhara. Unaijua, mwanangu: rakaa mbili, na dua ya kumuomba Mola akuchagulie lenye kheri. Ni ibada nyepesi na nzuri, lakini watu wetu wameigeuza sinema. Binti akishasali, asubuhi nyumba nzima inamngojea atoke na ndoto. Akiota kijani, ndiyo. Akiota maji machafu, tufikiri. Akiota nyoka, posa imekwisha, na hakuna mwanamme wa kuibishia, maana nani atabishana na jibu la istikhara? Mie sikuota kitu. Niliamka na shavu lina alama ya mto, basi.

Hapo ndipo Khalati Rayya akanivuta chumbani. Khalati alinipenda sana, na uongo wake wote alikuwa akiusema kwa nia njema. Kwanza alinipa ile ya mchagua nazi hupata koroma. Nikamjibu kwamba koroma nalo lina mnunuzi wake. Alipoona nimeshika lile lile, akashusha sauti.

"Sema umeota nyoka. Nyoka hana mjomba, hakuna atakayekuja kumtetea."

Ilikuwa rai nzuri, na sitakuficha, niliipima. Baba angebaki na uso wake. Ami Hilal angesema Mungu hakuandika, angekunywa kahawa yake, na nyumba mbili zingebaki nyumba moja. Bei ndogo, mali kamili. Na hiyo bei ndiyo iliyonitia shaka. Mtu wa soko akikuta kitu kizuri kwa bei ya bure hujiuliza: hapa anayelipa nani? Aliyekuwa alipe ni Suleiman. Kila nyumba ambayo angekwenda kuposa baada yangu, pangekuwa na mtu wa kunong'ona: huyu ndo yule, binti wa fulani alimsalia istikhara akatokewa na nyoka. Lisemwalo lipo, wangesema, kama halipo laja. Tena kuzua ndoto ambayo hukuota ni dhambi nzito, kila aliyesoma chuo cha Kurani analijua hilo. Nikamwambia Khalati nyoka wake abaki naye. Akalia. Akasema namuua baba yangu.

Ijumaa ile, basi, Ami Hilal akaja na ndugu yake. Baba akawakaribisha, ikaletwa halwa, ikamiminwa kahawa. Ami Hilal akaipokea finjani, halafu akaiweka chini juu ya zulia. Unaijua desturi hiyo. Kwa watu wa bara ya Oman mgeni mwenye haja akiweka kahawa chini anakwambia: siinywi mpaka unipe nililolijia. Na mwenye nyumba mwenye heshima zake hamwachi mgeni aondoke na kiu. Ami Hilal hakufanya kwa ubaya. Alifanya kwa kuwa hakuwa na shaka, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Baba akaja mlangoni tulipokuwa wanawake. Uso wake ulikuwa umesawijika. Jibu langu alikuwa analijua tangu jana na alikuwa anatumai usiku umenibadilisha. Nikatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Fadhila za punda mashuzi," na kwa upande wake alikuwa na haki. Nikamuomba nikaseme mwenyewe. Hakukubali wala hakukataa, akanipisha.

Nikajitanda vizuri, nikasimama mlango wa majlisi. Ami Hilal akanitazama kwa upole, na upole ule ndo uliokuwa mgumu.

"Binti yangu, mwanangu ana kosa gani?"

"Hana, Ami."

"Umesikia neno baya juu yake?"

"Sijasikia ila zuri."

"Basi umeota."

Nyuma yangu, nje ya pazia, Khalati Rayya akakohoa. Nyoka mzima mzima alikuwemo ndani ya kikohozi kile.

"Sikuota kitu, Ami. Nililala kama gunia la mchele."

Yule ndugu yake akacheka puani, akajizuia. Ami Hilal hakucheka. Akaniuliza, basi ni nini.

"Machale, Ami. Yamenicheza, nikayarudia, nikayakuta pale pale. Hujja sina. Mwanao mtu mwema, na nitamwambia hivyo kila atakayeniuliza. Ila mie simtaki, na sitamzulia kitu ili nipate njia ya kumkataa."

Ami Hilal akaitazama finjani yake. "Kwa machale tu, unaniachia kahawa inapoa."

"Kahawa ikipoa hupikwa nyengine, Ami. Mie nikipoa, nani atanipika upya?"

Sijui yalitoka wapi maneno yale. Lakini yalitoka, na yaliyotoka hayarudi, na hata leo sitaki yarudi.

Ami Hilal akainuka, akatoa salamu, akaondoka. Baba akamsindikiza mpaka kwenye gari, na aliporudi alipita mbele yangu kama anapita mbele ya kabati. Pale majlisini ilibaki finjani. Hakuna aliyejua ifanywe nini, kwa sababu kuimwaga ni kukiri aibu na kuiacha ni kuilinda. Bibi akaingia na mkongojo wake. Akainama kwa taabu, akaiokota, akainywa yote, baridi vile vile, halafu akaitikisa kama mgeni aliyetosheka.

"Imepoa," akasema, "lakini haina uongo ndani yake."

Usidhani, mwanangu, kwamba baada ya hapo mambo yakawa mazuri. Baba hakusema nami kwa muda mrefu. Akitaka chumvi humwambia mama, mwambie mwanao alete chumvi, na mie nimekaa hapo, chumvi iko mkononi mwangu. Nyumba mbili hazikwenda tena kutembeleana sikukuu. Na Suleiman? Hakumaliza mwaka, akamuoa Zuwena, msichana wa watu wazuri, na wameishi vizuri mpaka leo. Anamchambulia samaki mpaka leo. Zuwena anapenda, anasema yeye tangu utotoni anaogopa miiba.

Basi hapo watu wakanishika. Unaona? Machale yako yalikosea njia. Mume mzuri vile, umempa mwenzio. Wengine wananambia hivyo mpaka hivi sasa, na hapa ndipo nnapogombana na watu mpaka hivi sasa. Nani aliyewaambia kwamba machale yalisema Suleiman mbaya? Hayakusema. Machale hayakumcheza yeye, yalinicheza mie. Kitambaa kikiwa kizuri hakiwi lazima kiwe changu. Mimi mwenyewe nimeuza vitambaa vizuri maisha yangu yote na vingi sivai.

Nimejiuliza baadaye, ni ile sahani? Mie mtu wa kubishana bei hata ya ndimu, na yule kila kitu alikuwa keshakiamua, kwa wema, mpaka pilipili yangu. Mtu wa namna yangu na mume wa namna ile tungeishi vipi, wakati hakuna pa kuanzia kubishana? Labda ndiyo hiyo. Lakini hiyo ni sababu niliyoishona baadaye, na Bibi alinikataza kuokota vya njiani. Kwa hivyo naiweka hapo na wala siitii mfukoni.

Aliyenioa alikuja dukani kununua kitambaa cha dada yake. Tulibishana mpaka adhana ya alasiri ikaadhiniwa, nikamshinda, akaondoka kanuna, na kesho yake akarudi kubishana upya juu ya kitambaa ambacho alishakilipia. Alipoleta posa, baba ambaye alikuwa keshaanza kusema nami maneno mafupi mafupi alikuja mlangoni pale pale. Bibi alikuwa amemwambia khabari za pazia la chuma.

"Na huyu vipi?" akaniuliza. "Duka wazi au limefungwa?"

"Wazi, baba."

Akacheka. Hiyo ndo iliyokuwa suluhu yetu, hatukuandikiana nyengine.

Sasa nikwambie lililonifanya nikae niandike. Mwezi uliopita mjukuu wangu Amal, anayefanya kazi ofisini kwenye maghala ya mtaa uitwao Ghala, mtoto ana digrii yake na gari yake, aliletewa posa. Kijana mzuri, nyumba nzuri. Amal akasema aachiwe kwanza, kuna kitu tumboni hajakielewa. Baba yake, ambaye ni mwanangu wa kumzaa, akamkazania: toa sababu, leo ni zama za sababu. Nikamuuliza mwanangu, wewe ulipokataa kuishika ile biashara ya rafiki yako kule Ghala, sababu yako ilikuwa nini? Akasema aliona tu haimkai. Nikamwambia, aa, wewe huona, mwanao ndo atoe ushahidi.

Wageni wakaja hivyo hivyo, siku ya ahadi. Na aliyewatangulia, kwa kuwa ndiye babu wa kijana, alikuwa Suleiman. Mzee sasa, ndevu nyeupe, dishdasha bado haina mkunjo. Mie siku hizi nakaa majlisini kwenye kiti changu cha magoti mabovu na hakuna wa kunambia neno. Kahawa ikamiminwa. Suleiman akaipokea finjani. Mwanangu akaitazama ile finjani, nduguze wakaitazama, na mie sikutazama pengine. Amal alikuwa nyuma ya mlango, naujua mlio wa bangili zake.

Suleiman akainywa. Akanyosha mkono, akamiminiwa nyengine, akainywa na hiyo, halafu akaitikisa, akairudisha.

"Mie nakunywa kwanza," akasema, "jibu la mtoto lisije likawekwa rehani kwa kahawa. Na aseme alitakalo, wakati autakao. Tukija tena tutakunywa vilevile."

Bangili nyuma ya mlango zikatulia.

Watu walipoanza mazungumzo mengine, akainama upande wa kiti changu.

"Bibie, nyoka wako hajambo?"

Nikajua tu, Khalati Rayya Mungu amrehemu, siri haikuwahi kulala kwake. Nikamwambia nyoka sikuwahi kumfuga. Akasema ndiyo, anajua, na kwamba Zuwena anajua, na kwamba wazee wake Zuwena walikuja kuniuliza juu yake kabla hawajamkubali, na nikawaambia ni mtu mwema. Nilikuwa nimeshasahau. "Ulinikataa," akasema, "hukuniharibia." Kisha akanitazama kwa jicho la mtu aliyengojea miaka. "Lakini sasa tumezeeka. Nambie, ilikuwa nini?"

"Sijui mpaka leo," nikamwambia.

Akacheka, na kicheko chake bado kinachelewa.

Jibu la Amal ni la Amal. Alilitoa kwa mdomo wake, wakati wake, na silitii kwenye karatasi hii, maana ungelisoma ungeanza kupima kama machale yake yalikuwa sahihi, na hapo ningekuwa nimeandika bure.

Basi shika haya, mwanangu. Machale yakikucheza, usiyadharau kwa kuwa hayana hujja. Mlio wa kengele ya moto hauna hujja, na bado ukiusikia unatoka nje ya nyumba. Lakini yapime tena ukiwa umeshiba na umelala, usije ukakuta ni njaa, au kijicho, au uvivu. Ukiyakuta pale pale, simama nayo, hata mbele ya mtu aliyekutendea wema. Fadhila hulipwa kwa fadhila, hailipwi kwa maisha yako yote. Na ukisimama, usiyapambe. Usimletee nyoka mtu ambaye kosa lake ni kutokukaa tumboni mwako. Useme simtaki, usiseme mbaya.

Na yasikutoke kwenda kwa watu. Jirani yangu mmoja alipotelewa na bangili, akasema machale yanamwambia kachukua msichana wake wa kazi. Nikamwambia hiyo dhana, na dhana nyengine ni dhambi, machale hayajawahi kuwa polisi. Hao wasichana wanayo machale yao. Babirye, binti wa Uganda anayenisaidia nyumbani, alisimamishwa na dereva mmoja kwamba kuna kazi nzuri zaidi Ghala, apande gari tu wazungumze. Hakupanda. Watoto wangu wakasema labda kamvunjia heshima mtu wa watu. Nilipomuuliza aliniambia, "Madam, tumbo ilikataa." Nikamwambia basi imetosha, na akiliona tena gari hilo aje aniite. Hilo neno ni machale, hata kama kwao wanaliita vyengine, na heshima ya mtu wa watu itajitibu yenyewe.

Wakikuuliza hujja na huna, sema huna. Ni neno fupi, halina aibu, na aliyekukasirikia kwa ukweli ana siku ya kurudi. Mie baba alirudi, kwa chumvi na kwa kicheko. Hata asingerudi, ningesimama mlango ule ule nikasema yale yale.

Mungu akupe tumbo lisemalo kweli na ulimi usiolizidishia. Akukutanishe na watu watakaoinywa kahawa yako kabla hawajalijua jibu lako. Na yule utakayemkataa, Mungu ampe wake anayependa kuchambuliwa samaki. Amin. Na amin ya pili, maana mie huhesabu mara mbili.